Daraja la Mstari Uliokatika

Kuna mji mmoja wa Ulaya ninaoujua kuliko mji niliozaliwa, na sijawahi kuukanyaga. Jina lake sitalitaja, na nchi yenyewe nitaisitiri, kwa kuwa bado sijakata tamaa ya viza na sitaki karani wa ubalozi akutane na maneno yangu haya. Niseme tu kwamba una mto unaoukata vipande viwili, kanisa kuukuu lenye mnara mmoja, soko la Jumamosi, na treni ndogo za mjini zinazopita polepole katikati ya watu. Najua duka la mkate liko kona gani. Najua barabara ipi ilifungiwa magari na jinsi wenye maduka walivyolalamika, kisha wakanyamaza walipoona wateja wameongezeka.

Mji huo nilipewa. Ndivyo kozi yetu ilivyokuwa: mwaka wa kwanza, kila mwanafunzi wa mipango miji alikabidhiwa mji mmoja wa Ulaya wa kuufuata mpaka amalize, asome ramani zake, mipango yake ya matumizi ya ardhi, hata kumbukumbu za mikutano ya baraza lake pale zilipotafsiriwa. Chuo kilikuwa hukohuko Ulaya, na sisi wanafunzi tulikuwa tumetapakaa duniani tukisoma kwa mtandao. Mji wangu ulikuja kwa barua pepe ya mistari mitatu. Niliifungua ofisini wakati wa chakula cha mchana, na nakumbuka kwamba siku hiyo sikula.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu Doha. Nilitoka Kenya na diploma ya upimaji ardhi, nikaajiriwa na ofisi ya wahandisi kuchora ramani kwa kompyuta. Usije ukadhani ni kazi ya kupigia picha. Nilichora maegesho ya magari. Nilichora mitaro ya maji machafu, kisha nikachora maegesho mengine. Siku moja nilitumwa na mhandisi mmoja hadi Al Wukair, tukashuka mahali penye vumbi na nguzo mbili za mbao, akaniambia hapa ndipo barabara uliyoichora itapita. Nilicheka moyoni. Mwaka uliofuata familia moja ya Wakenya waliohamia huko walinialika chakula, na gari letu likapita juu ya barabara yangu, ina taa, ina miti, ina watoto wa baiskeli. Doha ilinizoesha hivyo: ukichora, kinajengwa. Ule mstari uliokatikakatika, tunaoutumia kuonyesha kitu ambacho bado hakijajengwa, kule haukukaa. Ukigeuka na kurudi, unakuta umeshaunganika.

Nilikaa mtaa wa Najma, katika jengo la zamani lenye fundi cherehani chini na duka la simu pembeni, chumba kimoja na muuguzi, mwanamke mwenzangu kutoka magharibi mwa Kenya. Alinizidi miaka saba. Mimi nilimwita Sista, kama tunavyowaita wauguzi wote nyumbani. Yeye aliniita Injinia, kwa utani, ingawa nilimweleza mara mia kwamba mimi si mhandisi.

"Si unachoranga barabara?"

"Nachora parking, Sista."

"Basi. Injinia wa parking."

Mchana alifanya kazi katika kliniki ya binafsi. Jioni alijifunza lugha ya nchi ileile ya mji wangu, kwa kuwa walikuwa wameanza kutafuta wauguzi kutoka nje. Ilikuwa sadfa tu, ila mimi niliichukua kama ishara. Tulikuwa na meza moja ya plastiki. Upande mmoja yeye na daftari lake la vitenzi, upande wa pili mimi na ramani zangu, katikati birika la chai ya maziwa. Alipenda nimshikie daftari nimwulize maneno, naye ajibu. Mwanzoni nilifanya hivyo. Baadaye nilianza kumwambia ngoja kidogo, na ile ngoja kidogo ikawa ndefu, akaacha kuniomba. Alijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini ili asinisumbue.

Mimi ni mtu wa kushika jambo moja. Mama yangu alisema nikishika kitu, nyumba inaweza kuungua nami ndani sijui. Mji ule niliushika. Niliupenda kwa sababu ulikuwa mji wa miguu. Vitabu vyetu vilijaa maneno kama uwanja, kivuli, benchi, mwendo wa mtembea kwa miguu, nami nilivisoma katika mahali ambapo miezi minne ya mwaka kwenda dukani na kurudi ni adhabu kwa joto. Nilitamani kukaa nje mahali ambapo sijanunua kitu, na nisimsubiri mtu wala mtu asinisubiri. Nilitamani hivyo mpaka kifua kikauma, na sioni haya kusema.

Ijumaa ilikuwa Jumapili yetu. Tulikwenda Mesaimeer, kwenye lile eneo la makanisa, na Sista aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Ibada ikiisha watu hawakuondoka. Wakenya, Waganda, walinzi waliotoka zamu bado na viatu vyao vizito, madereva, wasichana wa hoteli, wote walisimama kwenye maegesho wakipiga gumzo, na kadiri kivuli cha ukuta kilivyosogea nao walisogea, hatua kwa hatua, bila mtu kuwaambia. Nilikaa na karatasi nikachora walipokuwa kila nusu saa, nikaituma kama zoezi la muhula. Mwalimu aliandika kwamba nimeupata uwanja wa mji pale ambapo hakuna aliyeuchora. Alinisifu sana. Mimi nikaona anapoteza wakati wake. Uwanja wa kweli ulikuwa kule, na mimi nilikuwa kwenye maegesho, kama kawaida yangu.

"Watu wanakuuliza kwa nini huwasalimii," Sista aliniambia siku hiyo tukirudi.

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Walidhani unaandika majina."

Katika mji wangu, kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa daraja. Lilikuwa daraja la waenda kwa miguu tu, likitoka upande wa soko kwenda ng'ambo ya pili, kwenye nyumba za wafanyakazi wa zamani. Kwenye ramani lilikuwa pana kuliko linavyohitajika kuwa pana, na katikati yake mchoraji aliweka mabenchi, manne huku na manne huku, ili mtu akae juu ya maji. Bila daraja hilo mtu wa ng'ambo alizunguka karibu nusu saa kwa daraja la zamani kufika sokoni. Nikalifanya tasnifu yangu. Sura nzima ya nne ilihusu daraja hilo na jinsi lilivyounganisha watu waliotengana.

Sasa naomba hili lieleweke, maana hata mwalimu aliniuliza baadaye. Mstari wa daraja hilo ulikuwa umekatikakatika, na niliuona. Mimi huchora mistari hiyo kutwa, nitaachaje kuiona? Lakini ramani ilikuwa ya zamani, na mimi nilikuwa mtu wa Doha. Nilihesabu miaka nikasema lilishajengwa, na huenda limeshapakwa rangi mara ya pili. Picha za setilaiti nazo nilizitazama. Palepale mtoni, kati ya miti mikubwa, palikuwa na mstari mweupe unaokata maji, nikasema, lile pale. Kumbukumbu za mikutano ya miaka iliyofuata hazikuwa zimetafsiriwa, na Sista kufikia hapo angeweza kunisomea. Sikumwomba. Mtu hamwombi jirani amsomee kitu anachokijua tayari.

Mwisho wa kozi kulikuwa na wiki mbili za kwenda kwenye mji wako na kuupima kwa miguu yako mwenyewe. Asiyeweza kwenda hakufelishwa. Lakini mimi sikusoma miaka mitatu ili nisiwe na miguu. Nilianza kufuatilia mapema. Hati ya kutoka nchini ilihitaji saini ya kafili, yule mwajiri anayekudhamini nchini, na saini ilihitaji bwana mmoja arudi kutoka safari, halafu arudi kutoka safari nyingine. Ikapatikana. Nikapeleka maombi ya viza na barua ya chuo, barua ya kazi na picha yenye masikio yote mawili. Wakanijibu kwamba hawajaridhika kuwa nitarudi.

Nilikaa kitandani na ile karatasi. Nirudi wapi? Doha si kwetu, na safari yangu haikuanzia Kenya. Nilitaka kumuuliza mtu, bila ubishi, wanataka nirudi wapi ili niandike vizuri mara nyingine.

Mwezi uleule mkataba wa Sista ulifika. Alinificha wiki nzima. Aliniambia Ijumaa, Mesaimeer, kwenye maegesho, watu wakiwa wametuzunguka ili nisiweze kupiga kelele. Hospitali yake ilikuwa saa moja na nusu kwa treni kutoka mji wangu. Alilisema hilo haraka, akitazama chini, kama mtu anayeungama. Mimi sikusikia kwamba anaondoka. Nilisikia saa moja na nusu.

Uwanja wa ndege alinikumbatia akilia, na mimi nilikuwa nikimweleza treni namba nne. Nilimpa zawadi ya kuagana: ramani ya mji wangu niliyoichapisha kwa rangi, nimeichorea njia kwa wino mwekundu, kutoka stesheni hadi katikati ya daraja. "Ukifika hapa," nilimwambia, "keti benchi la tatu uniambie." Akaikunja, akaiweka kwenye mkoba pamoja na pasipoti. Nikarudi Najma. Meza ilikuwa yangu yote. Nikazitandaza ramani pande zote mbili na nikajiambia kwamba nimepata nafasi.

Alianza kuniandikia. Theluji imeanguka na amevaa soksi mbili. Wazee anaowahudumia ni wazito na mgongo unamsumbua. Jirani yake alimwekea karatasi mlangoni kwa sababu aliimba akiosha vyombo. Mimi nilijibu, Pole Sista. Umeenda? Akaandika kwamba amehamishiwa zamu mbaya. Pole. Umeenda? Bado nina ujumbe huo, nimeuhifadhi, na nikiusoma nataka kumpiga kibao huyo mwanamke anayejibu.

Akaenda Jumamosi moja ya baridi, nami siku hiyo sikuwa kazini. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya kukabidhi tasnifu. Alinipigia kwa mtandao, sauti tu, picha ilikuwa inakwamakwama.

"Nimeshuka. Niende wapi?"

"Una ramani?"

"Niko nayo, lakini mikono imeganda. Wewe niambie."

Nikamwambia. Nilikuwa mezani Najma, mtambo wa baridi unanguruma dirishani, na nilimtembeza mji ule kama mtu anayempeleka mgeni chooni nyumbani kwao. Toka mlango wa kulia. Usipande treni, tembea, ni dakika sita. Utaona mnara. "Nauona," akasema, na machozi yakanijia hapohapo, kwa mnara tu. Pinda kushoto, kuna barabara ya mawe. "Mawe yapo, yanateleza." Kona ifuatayo, mkono wa kushoto, kuna duka la mkate.

"Ni la simu."

"La mkate, Sista."

"Injinia, naangalia na macho yangu. Ni la simu."

Nikameza hilo. Nikampitisha sokoni, nikasikia watu wakiita bei, nikamwomba asimame nisikie zaidi, akasimama. Kisha nikamwambia ashuke na njia ya miti mpaka mtoni, daraja litakuwa mbele yake. Nilisikia hatua zake. Zikasimama.

"Hakuna daraja."

"Ongeza hatua kidogo."

"Nikiongeza naingia kwa maji."

"Angalia kulia."

"Nimeangalia kulia, nimeangalia left. Kuna kaukuta kadogo hapo kwa maji, bata wamesimama juu yake. Hiyo ndiyo daraja?"

Nikafungua picha ya setilaiti. Mstari wangu mweupe ulikuwa palepale. Ulikuwa ukuta wa kupunguza kasi ya maji, na miaka mitatu nilikuwa nimewakalisha watu juu yake.

"Ngoja niulize," Sista akasema. Kulikuwa na mama mmoja anayetembeza mbwa. Nikamsikia Sista akimsalimia, kisha wakazungumza, na nikashtuka. Alikuwa anaongea lugha ile kwa wepesi, bila kutafuta, akicheka mahali pa kucheka. Sikuwahi kumsikia akiiongea hivyo. Miaka yote ile nilikuwa mita moja kutoka kwake.

"Anasema walikataa," aliniambia. "Hawa wa huku hawakutaka miti yao ikatwe. Wale wa ng'ambo wakasema wanataka kelele za soko za nini. Wakapiga kura, maneno yakaisha. Anasema ni zamani."

Nililia, na sikumficha. Unaweza kunicheka. Nilifanya somo zima la ushirikishwaji wa wananchi, nikapata alama nzuri, nikaandika kwamba watu lazima waulizwe, na haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba ukiwauliza watu wanaweza kusema hapana na ikawa hapana. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi chochote kuhusu barabara, wala chumba, wala saini ya kutoka. Nikautamani mji ule zaidi siku hiyo, pamoja na ukuta wake na bata wake, kuliko nilivyoutamani ukiwa na daraja. Sura ya nne niliiandika upya kwa wiki tatu, ikawa juu ya watu waliokataa, na nikapita. Lakini hilo ni la baadaye.

Siku ile nilijifuta uso nikairudia kazi ya ramani haraka. Nikamwambia Sista basi azunguke kwa daraja la zamani, ahesabu dakika, apige picha miti yote, amuulize yule mama kura ilikuwa mwaka gani, na kama ana muda avuke aangalie zile nyumba za wafanyakazi, hasa za nyuma.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Sista?"

"Niko."

"Umenisikia?"

"Injinia, miguu imeniuma. Nimefanya zamu siku sita, leo ndiyo off yangu. Hii mji ni mzuri, sikatai. Lakini mimi sikukuja kuiona."

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

Niliusikia mto nyuma yake.

"Nilijua nikiwa hapa hutakata simu."

Nilitazama meza, ramani zimefunika hadi upande ule aliokuwa akikaa. Nikafunga kompyuta.

"Kuna mahali pa kukaa hapo?"

"Kuna benchi, ina maji kidogo."

"Panguza, ukae."

Nikamsikia akipangusa, akikaa, akishusha mkoba. Nikamuuliza kitu ambacho mtu yeyote wa kwetu humuuliza mwenziwe siku ya kwanza akisafiri, nami sikuwa nimemuuliza kwa miezi saba.

"Unakula nini huko?"

"Mkate," akasema. "Asubuhi mkate, jioni mkate. Ugali nilipika mara moja, nikakaa nikauangalia. Wa kula na nani?"